Aliyetoka Kwenye Mianzi

Dalmas alitoka kwenye mianzi bila kusema pole.

Mtu mwingine asingeona ajabu yoyote. Lakini Trizah alikuwa amekaa na mume huyu miaka mingi, na hakuwahi kumwona akichelewa hata kidogo bila kuomba msamaha. Dalmas alikuwa mtu wa kukiomba radhi hata kiti akikigonga. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo mjini Thika, mrefu, mpole, anayetembea amejikunja kama anaogopa dari. Trizah, mwenye saluni kule Mugutha, alimdharau kwa moyo wake wote. Alidharau viatu vyake, alidharau anavyopuliza chai, na siku hiyo alidharau safari yenyewe: eti kusherehekea ndoa yao ni kuzunguka bustani ya mimea ya mji wakisoma majina ya miti kwenye vibao, halafu watafute gesti ya kulala hapo karibu.

"Wenzangu wanapelekwa Mombasa," alimwambia langoni. "Mimi naletwa kuona majani."

Kisha upepo ukamnyang'anya skafu na kuitupa katikati ya mianzi kando ya mto Chania. Dalmas akasema ataifuata.

"Si uende basi! Na ukipotea huko, potelea mbali. Mimi sitakutafuta."

Sasa alikuwa ametoka, mikono mitupu. Tope lilikuwa limejaa kila mahali lakini viatu vyake vilikuwa vikavu, na alinuka majani yaliyooza ndani ya maji.

"Skafu iko wapi?"

"Ilikuwa mbaya," alisema. "Twende."

Trizah alishangaa. Halafu, kusema kweli, akafurahi.

Hoteli ya zamani pale kwenye maporomoko ya mto huo ilikuwa imejaa watu wa harusi. Wakaenda gesti moja mjini, ambako kijana wa mapokezi aliyeitwa Mwas aliwafungulia chumba kwa heshima zote. Trizah alinusa shuka na kukunja uso, lakini kabla hajatoa tusi, mumewe alikuwa amemtangulia.

"Hiki ni chumba ama ni zizi? Na wewe ndiyo ng'ombe?"

Mwas alimeza mate. Trizah alicheka hadi akashika ukuta. Kumbe mwanaume alikuwa humo ndani siku zote! Alimshika mkono wakitoka, na hata ubaridi wake hakuujali.

Walipata chumba Kamenu, kwa mama mmoja Mkorino, wale wa kanisa la maombi na ngoma, aitwaye Rachael, mwenye kilemba cheupe na sauti ya taratibu. Rachael alimpa Trizah mkono, akampa na Dalmas, kisha akaurudisha upesi na kuupangusa kwenye sketi.

"Huyu ni bwana yako, mami?"

"Kwani anakaa kama wa nani?" Trizah akamjibu, akapita na begi lake.

Jua lilikuwa linatua. Dalmas aliketi kitandani, wima kabisa, chai ikipoa mbele yake. Trizah alianza kulalamikia pazia.

"Pazia ni baya," alikubali. "Lakini shingo yako ni mbaya zaidi."

"Ati nini?"

"Unanuka dawa ya nywele. Unapiga kelele kama bati. Hakuna mwingine angekuchukua, ndiyo maana ulimng'ang'ania yule mnyonge."

"Mnyonge gani?"

Hapo simu ya Trizah ikalia mezani, na jina lililoandikwa kwenye kioo lilikuwa la Dalmas, naye akaipokea huku akimtazama Dalmas pale kitandani, ambaye hakushika simu wala hakufungua mdomo, na masikioni mwake akasikia mianzi ikisuguana, na maji yakipita, na ile sauti ya kujikunja aliyoidharau miaka yote ikisema polepole, "Trizah, niko huku kwenye mianzi. Nilitaka tu ujue."

Yule wa kitandani alitabasamu.

"Mwambie humtafuti. Ulishasema. Lirudie neno hilo mara moja tu, nami nitakuwa wako."

Ni aibu kulisema, lakini Trizah alilifikiria. Alikumbuka Mwas alivyomeza mate, alikumbuka raha ya kutembea na mume asiyejikunja, akamtazama yule tena, na ndipo alipoona kwamba tangu waingie hakuwa amepepesa macho hata mara moja.

"Mama Rachael!" alipiga yowe.

Rachael alikuwa tayari mlangoni, ngoma kwapani.

"Ngai! Niliushika huo mkono nikajua. Ni jini la maji. Mlimwacha nani huko?"

"Mume wangu!"

"Basi usibishane nalo. Muite yeye kwa hiyo simu, useme unamtaka."

Ngoma ikaanza. Ukuta ulitoka jasho, harufu ya majani mabovu ikajaa chumbani hadi Trizah akakohoa.

"Dalmas," alisema kwenye simu, "nakutaka. Rudi. Tafadhali rudi."

Lile jini lilimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani, kama mtu anayetazama kitu alichokanyaga.

"Muongo," lilisema. Kisha likamwagika. Likawa maji meusi kwenye shuka, majani ya mwanzi yakielea juu yake.

Walikimbia na pikapu ya Rachael hadi bustanini. Kitheka, askari wa lango, aligoma kidogo, lakini alipokiona kile kilemba na ile ngoma alifungua, akatangulia na tochi. Hawakwenda mbali. Dalmas alikuwa ameketi juu ya jiwe kati ya mianzi, amefumba macho, kichwa kimeegemea upande mmoja kana kwamba kiko kwenye bega la mtu.

Alikuwa mzima. Kwenye gari Trizah alimfunika na koti lake, akamwita mpenzi, neno ambalo ulimi wake ulikuwa umelisahau.

"Pole, mpenzi. Uliogopa sana?"

"Hapana," alisema Dalmas. "Ulikuwa na mimi."

"Mimi?"

"Wewe, lakini mzuri. Ulinishika mkono ukaniuliza kuhusu miti. Uliniomba nibaki. Nilipiga simu kukuaga."

Rachael aliongeza mwendo.

Siku hizi, kule Mugutha, Trizah humwongelesha mume wake kwa upole ambao majirani wanauona kichekesho. Humwekea chai, humuuliza habari za kazi. Dalmas huinamisha kichwa na kuisikiliza sauti hiyo kwa makini, neno kwa neno, akiilinganisha na ile ya kwenye mianzi. Kisha humtazama kama mtu aliyeuziwa bandia, na kusukuma kikombe kando.