Gundi Haijakauka

Mshonaji alikuwa amepiga magoti nyuma ya kabati la televisheni, simu yenye tochi ameing'ata kwa meno, pini nyekundu mkono mmoja na nyeupe mkono mwingine. Mgongoni mwa redio kubwa ya baba yake kulikuwa na jozi sita za matundu. Alikuwa amejaribu tatu, zote kimya. Akaingiza pini kwenye jozi ya nne. Redio ikatoa mngurumo uliotikisa vikombe kabatini. Akazichomoa upesi.

Alichungulia. Baba yake alikuwa kwenye kiti chake, macho kwenye picha za televisheni isiyotoa sauti. Alivitazama vikombe, akarudisha macho kwenye picha. Hii ilikuwa wiki ya tatu hasemi kitu.

Simu ikaita, ikamtetemekea mdomoni. Alikuwa kaka yake.

"Umeshafunga mizigo ya Baba?"

"Bado, Kaka."

"Mdogo wangu, tusizungushane. Nasafiri usiku kucha, kesho saa tatu asubuhi nipo mlangoni. Jumapili nilipokuja nilimwita mara nne, nimesimama naye hapa na pale, hakugeuka. Siku atakayosahau jiko linawaka, nani atamwambia? Wewe unashinda kwenye cherehani."

"Niongezee siku chache. Nataka niunganishe televisheni na ile redio yake. Spika zake ni kubwa, pengine atasikia, pengine atachangamka..."

"Wimbo huo nimeusikia mwezi mzima. Haya, nakupa neno moja na silibadili. Kesho nikiingia nikamsalimu, akaitikia, anabaki, nami sitalirudia jambo hili. Asipoitikia, anapanda gari."

Kaka alikuwa anaishi mji wa mbali, safari ya kutwa nzima. Baba akipanda gari, naye Mshonaji angepanda. Alimwahidi marehemu mama yake kwamba hatamwacha mzee. Angefunga duka lake la ushonaji. Angeuacha mji. Na angemwacha mtu mmoja ambaye, kwa kweli, alikuwa ameshamfukuza.

Alikaa sakafuni katikati ya nyaya, akaitafuta namba ambayo kwa wiki tatu alikuwa akiifungua na kuifunga.

"Hujambo," sauti ya taratibu ikasema upande wa pili.

"Sijambo. Waya, najua sina uso wa kukupigia..."

"Unapiga kwa kidole, si kwa uso. Kuna nini?"

Akataka kucheka, machozi yakatangulia.

* * *

Walikutana mwaka uliopita, kwenye ujia wa maduka ya vifaa vya umeme, mahali ambapo kila duka hufungulia spika zake mpaka mtu hajisikii akiwaza. Mshonaji alikuwa amevaa gauni la bluu alilojishonea mwenyewe, kiganjani ameshika pini iliyokatika. Akabanwa na umati hadi kwenye meza ya fundi mmoja mwembamba, mwenye shati la kijivu lililotobokatoboka kwa cheche.

"Hii ni ya kifaa gani, dada?"

"Sijui. Ndiyo maana nimeileta."

"Basi umeleta kichwa, kiwiliwili umekiacha nyumbani."

"Na wewe hayo matundu ya shati ni ya kuchomeka nini?"

Fundi alijitazama kifuani, akacheka hadi akaweka bisibisi chini. Jioni hiyo shati lilikwenda nyumbani na Mshonaji, likarudi baada ya siku mbili likiwa na kiraka cha bluu juu ya mfuko. Tangu hapo Mshonaji akawa Sindano, na fundi akawa Waya. Wakapendana kwa simu za mchana, kwa utani, kwa kungojana mlangoni mwa duka la huyu au la yule. Sindano alianza kushona gauni jeupe bila kumwambia mtu ni la nani. Waya aliliona likining'inia, akajifanya hakuliona.

Kilichowaharibia ni tabia ya Waya ya kupima jambo kabla ya kusema. Wiki tatu zilizopita alikuwa hapa hapa nyuma ya kabati, akiunganisha televisheni na redio kubwa, kwa sababu mzee alilalamika kwamba sauti ya televisheni ni nyembamba, kama nzi ndani ya chupa. Katikati ya kazi kaka alipiga simu kuhusu kumchukua Baba. Sindano alipokata simu, akasubiri mpenzi wake amtetee.

"Kaka yako naye ana hoja," Waya alisema polepole.

"Ana nini?"

"Hoja. Sisemi amchukue. Nasema, tumsikilize."

"Sema tu unataka nyumba isiyo na mzee! Sema unataka mke asiye na mzigo!"

"Sindano..."

"Toka. Kusanya vyombo vyako, toka."

Alikusanya vyombo, akatoka. Hata mlango hakuubamiza, na hilo lilimuudhi Sindano kuliko yote.

* * *

Jua lilikuwa halijazama Waya alipofika, mkoba begani, shati la kijivu lenye kiraka cha bluu. Sindano alikiona kiraka kabla ya kuiona sura.

"Karibu," alisema, mikono haijui pa kukaa.

"Ahsante." Waya akamwendea mzee, akainama. "Shikamoo, Baba."

Mzee aliinua kiganja, akakishusha. Alikuwa mpiga chapa, miaka thelathini na moja amesimama kando ya mitambo, nayo ilikuwa imeyatafuna masikio yake kidogo kidogo. Lakini mwezi uliopita alikuwa bado anamtania Waya kwamba mahari yake yatakuwa redio nne nzima na moja mbovu.

"Tangu lini yuko hivi?" Waya aliuliza.

"Tangu siku uliyoondoka."

"Siku ile ile?"

"Kesho yake. Nilirudi kazini nikamkuta ameizima sauti ya televisheni, anatazama midomo ya watu. Nikajua amekata tamaa. Nikimwita, kimya. Nikimpa chakula, anakula nusu." Akaionyesha saa ya ukutani. "Waya, kesho saa tatu wanamchukua. Fanya chochote. Matundu yote nimeyajaribu, ni kimya au ngurumo tu."

Waya aliwasha tochi yake, akaangalia mbele ya redio kwanza.

"Swichi hii ya kuchagua tundu imesimama kwenye santuri. Wewe ulikuwa unabisha hodi milango mingine, na aliye macho ni wa santuri peke yake. Ndiyo maana mmoja ukakungurumia. Ule wa santuri hautaki sauti nene, una mdomo mdogo." Akakohoa. "Hizi pini ulizikuta wapi?"

"Sakafuni. Ulivyoziacha."

"Nilivyoziacha," Waya akarudia.

Akaushika waya palepale kwenye zile pini mbili, akaufuata kwa vidole, sentimita baada ya sentimita, nyuma ya kabati, chini ya zulia, hadi nyuma ya televisheni. Hapo mkono wake ukasimama.

"Sindano. Mzee ndiye aliyezima sauti? Ulimwona?"

"Sikumwona. Lakini nani mwingine?"

Waya alichungulia kioo cha televisheni, akabonyeza rimoti mara moja. Mstari wa sauti ukatokea chini ya picha. Ulikuwa umejaa hadi mwisho.

"Ee Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo. Akachomoa pini.

Televisheni ikapiga kelele. Mwanamke aliyekuwa akisoma habari akajaa chumbani ghafla, kila neno kama bati linaloanguka. Sindano aliziba masikio. Mzee aliruka kutoka kitini, fimbo ikaanguka huku, kofia kule, akasimama katikati ya sebule.

"Nani huyo?" alifoka. "Nani anasema?"

Waya akapunguza sauti hadi ikawa ya kawaida. Mzee akamtazama, akaitazama televisheni, akamtazama binti yake.

"Imepungua," alisema. "Nimesikia ikipungua."

"Baba..."

"Wiki tatu nimebonyeza hiyo rimoti, mama. Asubuhi, mchana. Mpaka mwisho. Hakuna kitu. Nikasema basi, yamekwisha, hata kile kidogo kilichobaki kimekwenda." Alishika mkono wa kiti akakaa polepole. "Sikutaka kukwambia. Ungeacha kazi ukae na mimi. Nikawa hata nikisikia mtu anaita, nadhani nakumbuka tu."

"Na ule mngurumo wa sasa hivi?"

"Nilidhani ni lori."

Sindano alipiga magoti miguuni pake akalia bila kujificha. Waya alibaki amesimama na pini mkononi, uso umempauka.

"Ni mimi, Mzee. Televisheni hii ukiichomeka waya kwenye tundu la kisikilizio cha masikioni, inajinyamazisha yenyewe. Sauti yote inapita kwenye waya. Nilichomeka upande huu, upande wa pili sikufika. Sauti ilikuwa inamwagika sakafuni wiki tatu nzima. Fundi wa mwaka wa kwanza hafanyi hivi. Unaondoka kwenye kazi, unachomoa."

"Hukuondoka," Sindano alisema, uso bado umo mapajani mwa baba yake. "Ulifukuzwa."

"Mtu akifukuzwa bado ana mikono."

"Acha kunitetea, Waya. Kila mtu unamtetea isipokuwa wewe mwenyewe."

Mzee akawatazama kwa zamu. "Mligombana?" aliuliza. "Mbona sikusikia?"

Wakacheka wote watatu, kicheko kibaya chenye machozi, kisha kikaisha mara moja, kwa sababu saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na mbili na nusu, na kesho ilikuwa palepale ilipokuwa.

* * *

Waya alianza kazi upya, mwanzo hadi mwisho. Akachomeka upande wa redio kwanza. Akazungusha swichi. Akarudisha pini kwenye televisheni. Spika ya kushoto, ndefu kama mtoto wa miaka saba, ikaanza kuongea kwa sauti nzito iliyotulia. Mzee alifumba macho. Midomo yake ikawa inarudia maneno ya msomaji wa habari, moja moja.

Spika ya kulia ikakwaruza kama mtu anayeburuta sanduku.

"Sikio langu zuri ni la kulia," mzee alisema, bado amefumba macho. "Huyo wa kulia anaumwa nini?"

Waya alifungua skurubu nane, akaitoa spika, akaiweka mezani chini ya taa. Uso wake mweusi wa karatasi ulikuwa mzima, lakini ukingo wa sponji unaoushikilia ulikuwa umeoza kwa umri. Ulipukutika alipougusa.

"Kesho maduka yanafunguliwa saa nne," alisema. "Ukingo wa kununua hatuupati kabla ya kaka yako."

"Ukingo unafanya kazi gani?"

"Unaushika uso usianguke, na unauachia ucheze. Unataka kitu chepesi, laini, kisichovutika ovyo."

Sindano aliinuka. Akaenda chumbani, akarudi na gauni jeupe lisilo na mikono, mkasi, na chaki ya kushonea. Aligeuza upindo wa gauni nje, akaipapasa bitana.

"Kama hii?"

Waya aliishika bitana kati ya vidole. Kisha akamtazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Hii ni ya gauni lako."

"Bitana inabadilishwa. Mtu habadilishwi. Nipimie duara."

Walifanya kazi vichwa vikikaribiana. Sindano alikata duara mbili, ya nje na ya ndani, kwa mkono usiotikisika. Waya alipaka gundi nyembamba kwa kijiti. Wakaitandika bitana pamoja, mmoja anavuta huku, mwingine analegeza kule, hadi uso wa spika ukakaa katikati.

"Sasa?"

"Sasa hakuna kugusa. Mpaka asubuhi. Ikiguswa kabla haijakauka, uso unakaa upande, na hapo hatuna spika."

"Saa ngapi asubuhi?"

"Saa mbili naweza kuifunga. Saa tatu kasoro tujue kama inaongea."

Saa tatu. Sindano alimgeukia baba yake aliyekuwa ameelekea dirishani. "Baba," aliita. Hakugeuka. "Baba!" Hakugeuka. "Baba!"

"Naam, mama."

Mara ya tatu. Sindano alijishika shavu. "Kaka hataita mara tatu," alinong'ona. "Neno lake ni moja. Wiki tatu amejizoeza kutosikiliza, Waya. Usiku mmoja utatosha?"

"Sijui."

"Nidanganye basi, mpenzi wangu. Leo tu."

"Sijui, roho yangu," Waya alisema, akamshika mkono wenye gundi. "Ninachojua ni hiki. Saa moja na nusu nitakuwa hapa. Kaka yako akija nitakuwa na maneno naye, na hayahusu spika."

"Na Baba akipanda gari?"

"Gari lina viti vingapi?"

"Waya, duka lako..."

"Redio zinaharibika kila mji. Na mzee akilala kwa kaka yako, atahitaji mtu wa kuchomeka waya pande zote mbili." Akajaribu kutabasamu. "Nimejifunza."

Sindano aliegemeza paji la uso kwenye kile kiraka cha bluu, akakaa hivyo, huku vidole vyao vikianza kunatana.

Nyuma yao mzee alikuwa ameliacha dirisha. Alipita taratibu mezani akielekea chumbani kwake, akasimama mbele ya spika iliyolala chali chini ya taa, duara jeupe likimetameta. Akainama. Akanyoosha kidole.

Sindano alimwona juu ya bega la Waya. "Baba, usiiguse," alisema. Hakupaza sauti. Hakukuwa na nafasi ya kupaza.

Kidole kikasimama hewani, kikarudi.

"Sijaigusa," mzee alisema, akaenda kulala.