Konrodi ya Sita

Ilianza kwa mizani kusema uongo. Tena mizani ya Fundi Mizani, mtu ambaye jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika hata na mkewe, kwa jinsi alivyopenda kupima. Asubuhi alizipima konrodi zake sita, vile vyuma vinavyoishika pistoni kwenye mhimili wa krenki, akazisawazisha zote. Akatoka kunywa chai. Kurudi, tano ziko vilevile, ya sita imeongezeka.

"Haya," akasema, "siku hizi hata chuma kinanenepa."

Injini ilikuwa ya gari la mashindano la bintiye: silinda sita kwenye mstari mmoja, krenki imebadilishwa ili pistoni zisafiri mbali zaidi, na turbo ya kuisukumia hewa imepachikwa juu yake. Injini ya namna hiyo haina huruma. Konrodi moja ikikatika inatoboa ubavu wa injini, oili inamwagikia matairi, na dereva anakwenda anakojua Mungu. Dereva mwenyewe ndiye huyo binti, mtoto wake wa pekee, waliyemwita Upepo, na mashindano yalikuwa Jumamosi. Kwa hiyo fundi alikuwa amenunua seti mpya ya chuma cha kufuliwa, akaikagua, akakuta moja ina mkwaruzo, akaikataa. Hapo hakukosea. Alikosea pale aliposhindwa kungoja nyingine, akaenda kwa muuza vyuma chakavu kutafuta ya aina ileile. Ikapatikana. Hiyo ndiyo ya sita, nayo ilitoka kwenye gari lililoua.

"Hiyo ina mwenyewe," muuza vyuma alimwambia.

"Mwenyewe si alikufa?"

"Simsemi dereva mimi."

Fundi akacheka, akaibeba. Sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa, konrodi lazima zilingane uzito, na nyepesi haiongezwi chuma. Nzito ndiyo inayokatwa. Akaifunga ya sita kwenye jiliwa, lile koleo la mezani, akachukua tupa, akakata. Ikalingana. Akanawa mikono, akapima tena: imezidi. Akakata. Ikazidi. Ilikuwa adhuhuri, mtaa umelala kwa joto, hata mbwa hawabweki, na gereji, iliyo ubavuni mwa nyumba yake, ikaanza kunuka nywele zilizoungua, na chini ya mkwaruzo wa tupa ikapenya sauti ndogo ya kike, ya mtu anayesema huku amefumba meno: "Kata, fundi. Nipe nafasi nikae."

Angeitupa, wallahi angeitupa jalalani, lakini Jumamosi ilikuwa inakuja, na binti alishaahidiwa injini, na zaidi ya yote kulikuwa na kile kiburi chake cha kutoshindwa na chuma, basi akakata, na sauti ikawa inahema kwa raha, na vumbi la chuma likawa linadondoka chini ya jiliwa likiwa na unyevu na vuguvugu, mpaka shingo ya konrodi ikakondeana kabisa na mizani, mwishowe, ikatulia.

"Baba Upepo," mkewe alinong'ona mlangoni. "Unaongea na nani?"

"Naongea na kazi."

"Kazi gani inakujibu kwa sauti ya mwanamke?"

Fundi akaitundika tupa ukutani. Aliuona ule wembamba wa shingo ya konrodi, msidhani hakuuona. Ila mizani ilisema ziko sawa, na yeye aliiamini mizani kuliko macho yake.

Injini ikafungwa, ikawaka, ikaimba. Upepo alirudi kutoka kwenye majaribio meno yote nje. "Baba, inavuta! Sijawahi kuona!" Lakini ndani ya nyumba hakukukalika. Tupa ilisikika ikikwaruza ilhali imetundikwa ukutani. Mito ilinuka nywele zilizoungua. Mama wa watu akavumilia, akavumilia, mpaka Jumamosi asubuhi akaleta mganga, mwanamke wa makamo mwenye kikohozi na maneno machache.

Fundi alikuwepo nyumbani. Binti alimkataza kwenda uwanjani: "Ukija unanitia woga, Baba. Utanisikia kutoka hapa." Na kweli uwanja ulikuwa nyuma tu ya mtaa, injini ile ilisikika vizuri ikizunguka.

Mganga akainama chini ya jiliwa, akazoa vumbi lote kwenye sahani. "Vumbi hili na chuma lilikotoka ni mwili mmoja," alisema. "Nikimtoa hapa, na kule katoka."

"Kule wapi?" fundi akauliza.

Mganga alikwisha kuanza kusoma dua. Vumbi likajikusanya, likasimama wima kwenye sahani, na ile sauti, safari hii bila raha yoyote, ikauliza: "Nikitoka mimi, atashika nani?"

"Toka!" mkewe akapiga kelele. "Tuachie nyumba yetu!"

Ndipo Fundi Mizani alipoelewa, na alielewa yote kwa mkupuo, kwamba uzito aliokuwa akiupima muda wote ule haukuwa wa chuma, kwamba chuma alikimaliza yeye mwenyewe kwa mkono wake, na kilichokuwa kikiishika pistoni ya mwanawe kwenye kasi ile kilikuwa kimesimama hapa kwenye sahani kinafukuzwa.

"Ngoja! Mganga, ngoja kwanza!"

Mganga alikwisha kulimwagia vumbi maji. Vumbi likalala. Harufu ikakatika papo hapo, hewa ikawa safi kama ya nyumba mpya.

"Ametoka," mganga akasema, akikohoa. "Hatarudi tena."

Mkewe akapiga magoti akilia kwa furaha, akimshukuru Mungu, akimshukuru mganga. Kule uwanjani injini ilikuwa inapanda, inapanda, halafu ukasikika mlio mmoja mkavu.

Mkewe akainua kichwa. "Mbona kimya?" akauliza.

Fundi alishafika barabarani, miguu peku, akikimbilia kule moshi unakotokea.