Anwani Baada ya Kustaafu

Pale Huduma Centre ya Kajiado, kwenye ofisi za serikali, watu hawapangi foleni kwa miguu, wanapanga kwa makalio. Wa kwanza akiitwa, benchi nzima inasogea nafasi moja. Ndivyo Bedan alivyosogea Jumatatu ile mpaka akakalia pindo la gauni la kijani la mwanamke asiyemjua.

"Mzee, umekalia kazi yangu," akasema mama huyo, bila hasira.

Bedan akainuka. "Pole sana. Umelishona mwenyewe?"

"Miaka thelathini nashonea watu wa Kitengela. Langu nishonewe na nani?" Akalitazama koti la Bedan, lenye matundu kila mahali. "Na hilo limeliwa na panya?"

"Ni cheche. Nachomelea mageti, hapo Kisaju."

Mama huyo, Nzisa, akacheka. Wote wawili walikuwa wamefika miaka sitini na wamefiwa na wenzao. Wote walijiajiri, wakajilipia akiba ya uzeeni ya NSSF wenyewe mwezi baada ya mwezi. Na wote walikuja kuuliza swali moja: tuchukue sasa ama tungoje?

"Shida ni nani ataniambia nistaafu," Bedan akasema. "Boss ni mimi."

"Jiite kwa ofisi ujiambie."

"Siku nitachukua, narudi nyumbani Murang'a."

Alisema tu vile kila mtu husema. Huku kwetu, pesa ya uzeeni na kurudi nyumbani ni kitu kimoja, mtu hutaja kimoja na kingine kikafuata chenyewe. Lakini Nzisa aliliweka neno hilo moyoni, na taabu yote ilianzia hapo.

Siku hiyo hakuna aliyechukua. Nzisa aliondoka na lile koti akalitia viraka, na simu zikaanza, kila jioni baada ya kazi.

"Umekula, fundi?" Bedan huuliza.

"Nimekula, fundi. Na macho?"

"Yanawasha kidogo."

"Si uvae miwani, bwana. Ama unataka nije nikuvalishe?"

"Basi leo sivai."

Miezi mitatu ikaenda hivyo. Nzisa alimpenda, tena sana, na alijua.

Halafu Jumatatu moja mteja wake Kathini akaja kuchukua sketi yake. "Nimeona yule wako Kajiado," akasema. "Amebeba form ya NSSF."

Cherehani ikanyamaza. Kumbe anaenda, Nzisa akawaza, na hata hajaniambia. Si angeuliza tu? Lakini mtu wa miaka sitini akipenda huwa na aibu kuliko msichana. Jioni simu ikalia, akaiangalia mpaka ikakatika. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu.

Ijumaa mchana Bedan akasimama mlangoni mwa duka, amevaa koti la viraka na shati lililopigwa pasi vizuri. Macho yalikuwa mekundu.

"Fundi, nimekukosea nini?"

"Unarudi Murang'a lini?"

"Nani amesema narudi?"

"Wewe, pale kwa benchi. Na sasa umechukua form."

Bedan akaketi kwenye kiti cha wateja. "Daktari amesema niwache kuchomelea, ama nitapofuka. Nilitaka kungoja miaka mingine mitano, pesa iongezeke. Sikukuambia juu niliogopa utaona unapewa mgonjwa."

Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya meza ya kukatia. Ilikuwa imejazwa yote, ila mstari mmoja.

"Hapa wanauliza nikistaafu nitakuwa naishi wapi. Nilikuwa nakupigia nikuulize kama naweza kuandika kwako. Tupitie kanisani kwanza, lakini."

Nzisa akaisoma juu hadi chini, polepole. Akachukua kalamu anayoandikia vipimo vya wateja, akaujaza mstari ule kwa herufi kubwa: Kitengela, na jina la barabara yake, na namba ya mlango.

"Na yako utachukua lini?" Bedan akauliza.

"Yangu ingoje. Miguu bado inakanyaga cherehani." Akamrudishia karatasi. "Peleka hii Jumatatu. Na useme ukweli, umekula?"

"Tangu uwache kushika simu, sijakula vizuri."

Nzisa akafunga duka saa saba mchana, kitu ambacho hakuwahi kufanya kwa miaka thelathini, wakaenda kula.