Homa Haikuanza Upya

Evelina alifagia uwanja, akaosha vyombo vya jana, kisha akavaa sare. Ndivyo asubuhi zilivyokuwa nyumbani kwao Kiseke, isipokuwa wiki iliyopita, malaria ilipomlaza kitandani.

"Dozi umemaliza?" mama yake, Bernadeta, alimuuliza.

"Nimemaliza, mama."

Haikuwa kweli. Homa ilipopoa tu, vidonge vichungu vilivyobaki alivitumbukiza chooni, akaliacha boksi tupu juu ya meza.

Shuleni, Mwalimu Malimi alirudisha madaftari ya Kiingereza. Neno la wiki lilikuwa "recrudescence". Evelina alikuwa ameandika kwamba baada ya likizo kulikuwa na "recrudescence" ya masomo, na sentensi yake ilikuwa imewekewa alama ya kosa kwa wino mwekundu. Alisimama amefura.

"Mwalimu, wewe mwenyewe ulisema maana yake ni kuanza tena! Kwani masomo hayakuanza tena?"

"Yalianza, lakini kwa hayo tunasema 'resumption'. Hili ni neno la jambo baya lililotulia bila kwisha, watu wakadhani limekwisha, kumbe bado, likaibuka tena. Vita, kidonda, maradhi. Kujua maana hakutoshi, Evelina. Ujue na mahali neno linapotumika."

Wenzake wakacheka. Evelina aliketi kwa kishindo. Uso ulimwaka moto kutwa nzima, naye akadhani ni hasira. Alipofika nyumbani alikuwa anatetemeka mwili mzima.

Kwenye zahanati, kipimo kilionyesha malaria.

"Dozi ya kwanza alimaliza?" daktari aliuliza.

Mama alimtazama mwanawe. Evelina akaitikia kwa kichwa.

"Basi huenda dawa ilikuwa na kasoro." Daktari akatoa dozi mpya, kisha akamgeukia muuguzi na kumwambia kwa Kiingereza kuwa hiyo ilionekana kuwa "recrudescence": vimelea havikufa vyote.

Evelina alilitambua neno la Mwalimu Malimi. Homa haikuanza upya. Ilikuwa ile ile, na aliyeiacha hai ni yeye. Alifungua mdomo aseme, lakini mama alikwisha kutoka.

Bernadeta alipitia nyumbani kuchukua lile boksi, akaenda moja kwa moja kwenye duka la dawa la Odeta, alikonunua dozi ya kwanza. Evelina alimfuata akijikokota.

"Umeniuzia chaki!" Bernadeta alifoka, akilitupa boksi juu ya kaunta. "Unataka kuniulia mtoto!"

"Mama Evelina, dawa zangu ni halali. Tazama hata tarehe..."

"Tapeli mkubwa wewe!"

Watu wakajaa. Mwanamume mmoja akatoa simu na kuanza kurekodi. Mwingine akadai duka lifungwe. Odeta akaliokota boksi, akaliinua watu waone tarehe.

Evelina akajipenyeza katikati yao. "Mama, dawa ilikuwa nzima! Nilivitupa vidonge chooni. Nilikudanganya."

Bernadeta aligeuka, mkono umeinuka. Hakupiga, lakini sauti yake ilikuwa kali kuliko kofi. "Nimemtukana mtu wa watu kwa ajili ya uongo wako!"

"Na wewe hukuja kuniuliza," Odeta akasema, machozi ya hasira yakimlengalenga. "Ulikuja kunihukumu."

Yule mwanamume akaanza kuirudisha simu mfukoni.

"Hapana!" Odeta akamzuia. "Umerekodi nikitukanwa. Rekodi na hili."

Bernadeta akamgeukia Odeta. Kisha, mbele ya simu na mbele ya majirani wote, akasema kwa sauti kwamba dawa ya Odeta ilikuwa njema, kwamba alikosea, na kwamba anaomba radhi.

"Nisamehe, dada Odeta," Evelina naye akasema, akilia.

Odeta hakutabasamu. Alimimina maji kikombeni, akamsogezea.

"Anza dozi yako hapa, nikuone. Na unisikilize. Kujisikia vizuri siyo kupona. Dawa unameza mpaka ya mwisho. Ukiulizwa, sema kweli pale pale. Ugonjwa ulikuwa wako, lakini uongo wako ulikuja kuumiza watu huku."

Evelina aliweka mdomoni vidonge vya mara ya kwanza. Vilikuwa vichungu vile vile. Akavimeza vyote, Odeta akimtazama mpaka maji yakaisha kikombeni.