Sakafu Isiyotaka Miguu

Ndugu zangu mnaosoma haya, nyumba ya Sylvesta, karani wa ghala la kijiji, ilikuwa nyumba ya watu kabla haijawa nyumba ya mbao. Ilisimama kando ya barabara ya kwenda Kibondo, katika safu za nyumba mpya tulizojenga baada ya kuhamishiwa vijijini. Kila alasiri wanawake wa jirani walikaa sebuleni kwa Immakulata, mke wa karani, wakichambua maharage na kuchekana. Sakafu ilikuwa ya udongo, Immakulata ameisiriba mwenyewe. Takataka zikianguka alifagia, mambo yakaisha. Mzee Ntirampeba, aliyekimbia mauaji Burundi akapewa shamba ng'ambo ya mto, alikuwa akipita na jembe lake begani, anasalimia, anapewa uji, anakwenda zake.

Amani hiyo ilivunjwa na safari moja ya Kasulu. Sylvesta alikwenda kwa kazi za ghala, akaalikwa chai nyumbani kwa Khatibu, mfanyabiashara wa pale, akaona sakafu ya mbao. Wenzake huenda Kasulu wakarudi na chumvi na sabuni. Yeye alirudi na dharau.

Baada ya siku chache aliweka mezani vipande viwili vya mninga alivyochongewa na fundi Pasikali wa Titye.

"Mama Esteri, njoo uone. Hiki kingo zake zimenyooka, mbao zikikutana huoni kitu. Na hiki kimerandwa pembeni kwa mshazari. Zikikutana panabaki kamfereji, kila ubao unaonekana peke yake. Kwa Khatibu ziko hivi."

Immakulata alivipapasa vyote viwili. Wakati huo alikuwa na mimba changa, na Esteri, binti yao wa pekee, alikuwa amemshika nguo.

"Mimi nachagua hiki kilichonyooka, Baba Esteri. Kwenye vimfereji tope litaganda, na sisi ni watu wa kutoka shambani."

Sylvesta alicheka kwa pua. "Nimekuuliza habari za uzuri, unanijibu habari za ufagio. Mtu aliyekulia kwenye udongo hata akili yake inabaki hukohuko."

Basi akachagua mshazari. Vipande vile akavitembeza kijiji kizima, akivionyesha hata kwa watu waliokuwa wakilima, kama vile yeye ndiye aliyeuumba mninga. Mtaniuliza, kuna ubaya gani mtu kupenda sakafu nzuri? Hakuna. Subirini.

Mbao zilipokwisha kupigiliwa, mlango wa uani aliuziba kwa matofali ili kuku na masizi ya jikoni visipate njia. Maharage yakahamia jikoni, kwenye moshi, na wanawake mmoja mmoja wakakoma kuja. Esteri alifundishwa kupita sebuleni kwa ncha za vidole. Immakulata, tumbo likizidi kukua, alipiga magoti kila asubuhi na kijiti cha mwanzi, akichokoa vumbi mfereji baada ya mfereji, huku mumewe amesimama nyuma yake akimwonyesha mifereji aliyoiruka.

Siku moja Mzee Ntirampeba alikuja kusalimia kama kawaida yake. Sylvesta hakumtazama usoni, alimtazama miguu.

"Mzee, hiyo ibaki hapohapo nje."

Ntirampeba alicheka, akidhani ni utani. Alipoona mwenzake hacheki, aliliweka jembe lake vizuri begani akaondoka. Immakulata aliyaona yote kutoka mlango wa chumbani. Aibu ilimchoma mpaka masikio, na uji aliokuwa amempikia mzee ulipoa kwenye sufuria.

Mvua za masika zilipokolea, uchungu ulimshika Immakulata. Ilikuwa alasiri na mvua ilikuwa ikimwagika. Theodosia, mkunga wetu, alimpapasa tumbo, kisha akamtuma Esteri akaite wanaume. Mtoto amekaa vibaya, alisema, hapa ni hospitali ya Kibondo tu.

Wanaume walikuja mbio na ingobyi, lile tenga refu la kubebea wagonjwa mabegani. Ntirampeba alikuwa mbele na Leonidasi, jirani wa nyumba ya pili, alimfuata pamoja na vijana wawili. Walikuwa na tope mpaka magotini.

Sylvesta alisimama mlangoni, mikono ameitandaza.

"Ngojeni! Ngojeni kwanza nitandike magunia!"

Wakasimama mvuani, kwa sababu nyumba ina mwenyewe na wao walikuwa watu wenye adabu. Kitandani, Immakulata alisikia gunia likikung'utwa, likiburutwa, likinyooshwa. Kisha jingine. Mtoto alikuwa akipiga mateke tumboni kwa nguvu.

"Hili limekaa upande," alimsikia mumewe akijisemea. Halafu kwa sauti, "Hayatoshi! Leonidasi, kimbia ghalani uniletee mengine!"

"Karani," alisema Ntirampeba, "sisi tumekuja kubeba mgonjwa. Hatukuja kubeba sakafu."

"Kidogo tu, mzee. Tope likiingia kwenye mifereji halitoki."

Theodosia alitoka chumbani kama moto. Alimkamata karani kwa ukosi wa shati, akamsukuma hadi ukutani. "Ingieni!" aliwaambia wanaume. "Ingieni na tope lenu lote!"

Wakaingia, wakamweka Immakulata kwenye ingobyi, wakamtoa. Njia nzima alikuwa ameweka kiganja tumboni. Mtoto alicheza hadi kwenye kilima cha mwisho kabla ya mji. Pale alisukuma mara moja, kwa nguvu, na baada ya hapo Immakulata hakusikia tena kitu.

Madaktari walimwokoa mama. Mtoto, wa kiume, alizaliwa kimya.

Kesho yake Sylvesta alifika kwa baiskeli. Alilia, nisimsingizie, alilia machozi ya kweli. Kisha akajifuta, akakaa ukingoni mwa kitanda, akataka kumfariji mkewe.

"Usihangaike na kazi za nyumbani, Mama Esteri. Tope nimelitoa lote mwenyewe kwa kisu. Sakafu haikupata hata alama."

Immakulata alimtazama kwa muda mrefu. Hakukasirika. Alimdharau, na dharau hiyo ilikuja taratibu, ikakaa. Aligeukia ukutani asimwone.

Kaka yake Stanislaus alikuja kumchukua yeye na Esteri, akawapeleka kwake Busunzu. Mwezi ulipokwisha Sylvesta aliwafuata, amekonda, kofia mkononi. Alimkuta mkewe uani akinoa jembe.

"Rudi nyumbani. Nitazing'oa mbao zote. Nitaweka zile zilizonyooka, kama ulivyotaka."

Immakulata aliacha kunoa. Hata sasa, alifikiri, mtu huyu bado anachagua kingo.

"Mbao hazikusema 'ngojeni', Sylvesta." Tangu waoane hakuwahi kumwita kwa jina lake. "Wewe ndiye uliyesema."

Akainuka, akamwita Esteri, wakaenda shambani. Sylvesta alibaki na kofia yake. Mpaka leo anaishi peke yake katika nyumba ile. Sakafu inang'aa vilevile. Watu humsalimia kutoka barabarani, hawasimami, na yeye sasa huwaita waingie, huwaambia waingie hata na viatu. Wanashukuru, wanapita.

MAFUNZO

Wapo wengi wa namna ya Sylvesta. Mwingine ana kochi lililofunikwa vitambaa, mwingine redio isiyoguswa na watoto wake, na kila mmoja anajiona mtu wa maendeleo. Maendeleo gani hayo, ya kumfanya mkeo mtumwa wa ufa wa ubao?

Penda kitu kizuri, hakuna anayekukataza. Lakini anayekifanyia kazi akikuambia kitamtesa, msikilize, kwa maana mgongo ni wake. Na siku utakapojikuta unatazama miguu ya mgeni kabla ya uso wake, jua kwamba umeanza kuwafukuza wale watakaombeba mgonjwa wako.

Na yule mtoto aliyezaliwa kimya hakupewa hata jina.