Mswada Uliopigwa Pasi

Dobi huamka kabla ya mke wake. Huwasha mkaa, huupepea mpaka uwe mwekundu, kisha huutia ndani ya pasi. Nyumba yao ina vyumba viwili. Kimoja wanalala wao. Kingine ni cha nguo za watu, na kwenye kona yake kuna kitanda cha baba.

Baba alikuwa fundi wa kujenga nyumba. Mwaka jana alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa ganzi, na maneno yakamkauka kinywani. Akitaka maji husema "ma." Akitaka kugeuzwa ubavu, husema "ma" vilevile.

Lakini kabla ya kuugua aliandika. Kwa miaka kumi na mmoja, kila jioni, alikaa na kalamu yake ya wino. Alijaza madaftari manne. Aliandika habari za marehemu mke wake, mama yake dobi, aliyefariki dobi akiwa na miezi mitano. Dobi hana hata picha ya mama yake. Kila alipouliza, baba alijibu, "Subiri nimalize. Utasoma mwenyewe."

Dobi alisubiri. Kubishana na mzee yule ilikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa. Hata baada ya kiharusi hakuyafungua madaftari. Aliona ni kama kumzika baba angali hai.

Kisha ikaja mvua ya siku mbili. Bati lilivuja, na sanduku la baba lilikuwa sakafuni. Dobi alipolifungua, madaftari yalikuwa chepechepe.

"Mke wangu, njoo uone!"

"Masikini! Sasa tutafanyaje?"

"Kitu kikilowa mimi hukifanyaje? Nakipiga pasi."

Ndiyo kazi aliyoijua. Alilikamua daftari la kwanza, akalilaza mezani, akapitisha pasi ya moto ukurasa kwa ukurasa. Mvuke ulipanda. Wino ulitapakaa kama rangi ya nguo inayochuja. Kurasa ziligandana. Akazibandua kwa nguvu, zikachanika. Akajiambia daftari la pili litakubali, akaendelea.

"Ma! Ma!" Baba alipiga kelele kitandani.

Mke wa dobi akamkimbilia na kikombe. Mzee akakisukuma kwa mkono wa kushoto, maji yakamwagika. Alikuwa anaitazama pasi. Hapo ndipo dobi alipoelewa, na tayari alikuwa ameanza daftari la tatu.

Jirani yao mmoja ni mkutubi. Kazini kwake anatunza karatasi za kale. Alikuja kuchukua magauni yake, akamkuta dobi amekaa chini, mikono kichwani.

"Shikamoo mzee," alisema. Mzee aligeukia ukutani. Ndipo mkutubi akaona meza. "Kaka! Iondoe hiyo pasi!"

"Dada, niambie wino utarudi."

Mkutubi alishika daftari la kwanza, kisha la pili. Aliyafunua, akayarudisha mezani. "Sitakudanganya. Haya mawili hayarudi. Umenakili popote? Kuna nakala nyingine?"

"Hakuna. Si kitabu, dada. Ni madaftari ya baba tu."

"Huu ni mswada, kaka. Mswada ni maandishi ya mtu kabla hayajapigwa chapa. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni weusi. Ni karatasi iliyotiwa weusi wa wino. Wazungu nao wana neno lao la tangu zamani, maana yake kilichoandikwa kwa mkono. Kitabu cha dukani kikiharibika, unanunua kingine. Mswada ni mkono mmoja, wino mmoja. Ukipotea, umepotea."

Dobi alicheka, kicheko kibaya cha mtu anayetaka kulia. "Weusi! Mimi kazi yangu ni kutoa weusi, dada. Nimemfulia baba mswada wake."

Hakuna aliyecheka naye.

"Lia baadaye," mkutubi alisema. "La tatu limebaki nusu, na la nne hujaligusa. Tuyaokoe."

Aliwaonyesha. Karatasi iliyolowa haikamuliwi. Haipigwi pasi. Haianikwi juani, maana jua huikunja na kupausha wino. Huwekwa kivulini, penye upepo. Katikati ya kurasa hutiwa karatasi safi kavu ili zifyonze maji, na hubadilishwa kila zinapolowa. Kurasa zilizogandana hazivutwi. Huachwa mpaka ziachiane zenyewe.

"Na zikikauka, nakilini yote," alisema. "Msiongeze neno lenu. Pasiposomeka, acheni nafasi wazi. Halafu sanduku lisikae tena sakafuni."

Walifanya hivyo kwa siku sita. Mke wa dobi alibadilisha karatasi tangu asubuhi hadi jioni, na nguo za watu zilisubiri. Zilipona kurasa sitini na mbili. Dobi aliziba bati. Alitengeneza rafu ya mbao, akaweka sanduku juu yake. Kisha akanunua daftari jipya, akakaa kando ya kitanda cha baba, akaanza kusoma kwa sauti na kunakili.

Alijua sasa kwamba mama yake alikuwa mrefu kuliko baba. Alijua kwamba alipenda ubishi, na kwamba aliogopa paka. Siku ya tatu ya kusoma alifika mahali palipoandikwa: "Siku uliyozaliwa alikutazama kwa muda mrefu sana. Halafu akaniambia"

Chini yake palikuwa na doa la buluu.

Dobi aliinua macho. Baba alikuwa anamtazama. Alikuwa anajua. Midomo yake ilitetemeka, shingo ikakakamaa, jasho likamtoka.

"Ma," alisema. "Ma. Ma."

"Basi, baba. Pumzika. Tuliyoyapata yanatosha."

Hayakutosha, na wote wawili walijua. Dobi alimfuta baba machozi kwa kiganja. Kisha akashika kalamu, akahesabu mistari iliyofunikwa na doa, na katika daftari jipya akaacha mistari minne wazi.