Pointi za Baba Kidoti

"Baba Kidoti, hebu nyoosha mkono wako."

"Wa nini?"

"Nyoosha niuone!"

Akanyoosha. Mkewe akautazama ule mkono wa fundi friji, mpana, umejaa makovu. Kisha akakitazama kishikio cha plastiki juu ya meza, waya wake umechomekwa kwenye tableti.

Kishikio kilikuwa mali ya kliniki. Waliazimwa kwa ajili ya binti yao Kidoti, wa miaka sita, aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, mkono wa kushoto umejikunja ngumi. Mtoto akikifinya na kukiachia, samaki anaogelea kwenye kioo, kuanzia vidagaa hadi papa, na pointi zinapanda. Pointi hizo hufika zenyewe kliniki kwa mtandao. Asubuhi mama akiwa kiwandani anashona sare, mazoezi yalikuwa kazi ya baba.

"Mtaalamu wa viungo amenipigia kazini," mama alisema. "Nikazima cherehani, nikajua ni hongera. Unajua kaniambia nini? 'Mama, mwezi uliopita Kidoti alikuwa na pointi kumi na mbili. Wiki hii mia tatu na arobaini. Na nguvu inayofinya ni ya mtu wa kubeba magunia.' Mwanangu anabeba magunia siku hizi?"

Baba Kidoti akauficha mkono nyuma.

"Mke wangu..."

"Mkeo nani? Kompyuta yao imeandika mtoto amefuzu! Ijumaa wanakuja kukichukua kishikio, kiende kwa mwingine. Na mkono wake uko vilevile!"

Kidoti akainua kichwa kutoka kwenye mkeka.

"Mama, baba ameshafika kwa papa. Mimi bado niko kwa vidagaa."

"Umesikia? Mwanao mwenyewe anakushitaki!"

"Alikuwa analia," baba akasema. "Dakika ya kumi tu anaanza, mpaka anatapika. Na wewe ukirudi, hata viatu hujavua, 'Pointi ngapi?' Nikisema tano, unageukia ukutani. Siku moja nikafinya mimi, mara chache tu. Ukacheka. Nilikuwa nimesahau unavyocheka."

"Ndiyo ukaona unidanganye mwezi mzima? Nimepiga magoti kumshukuru Mungu, mwanamume wewe! Nimetoa ushuhuda mbele za watu, nikalia kwa furaha, kumbe namshukuru Mungu kwa vidole vyako!"

Akamtupia simu kifuani.

"Mpigie mtaalamu. Useme kwa mdomo wako. Weka spika."

Baba Kidoti akabonyeza namba.

"Mtaalamu, ni baba Kidoti. Zile pointi ni zangu. Mtoto hajafuzu. Naomba msikichukue."

Sauti kali ya kike ikasema:

"Unajua umempotezea mwezi mzima?"

"Najua."

"Hujui! Mkono wa mtoto haumsubiri mtu." Akavuta pumzi. "Pointi zako nazifuta zote. Kishikio kitabaki, lakini kuanzia kesho mnawasha kamera, niwaone. Na kwa nini alikuwa analia?"

"Anachoka. Nusu saa ni nyingi."

"Nusu saa mfululizo? Nani kawaambia? Karatasi tuliyowapa inasema dakika tano tano, mara sita, mpaka jioni!"

Baba Kidoti akakitazama kishikio. Hakumtazama hata mkewe. Angeweza kumtaja, akanyamaza.

"Mimi," mama akasema. "Mimi ndiye niliyeamua. Nilitaka apone haraka."

Simu ikakatika. Mama alikuwa bado na hasira, ila sasa hakujua aielekeze wapi.

"Kwa nini hukuniambia anatapika?"

"Nilikuogopa."

"Mimi? Mkeo?"

"Wewe, mke wangu."

Mama akaketi sakafuni, mgongo kwenye meza.

"Bado nimekukasirikia. Sana."

"Najua. Tuombe?"

"Omba wewe. Na uanze na toba."

Baba akapiga magoti.

"Mungu wangu, mimi ni mwizi. Nimemwibia mwanangu mwezi mzima..."

"Amina!" Kidoti akadakia.

"Bado, mwanangu. Nimemdanganya mke wangu, nikamfanya akushukuru kwa uongo..."

Akakwama. Mabega yakaanza kumcheza. Mkewe akajikokota kwa magoti hadi alipokuwa, akaushika ule mkono wenye makovu, kwa nguvu kama anataka kuuvunja.

"Sogea huko," akasema. "Na mimi nina ya kwangu ya kutubu."